Pambo la Mkeka Jioni ya Idi

Swali: Assalaamu alaykum. Jioni ya Idi wajukuu watakusanyika kwangu, Wete. Nipambe vipi mkeka wa chakula bila ya maua ya plastiki, na watoto nao wapate shughuli?

Jibu: Waalaykumu salaam, bibi. Pemba haikosi karafuu. Wajukuu wakubwa watoboe ganda la machungwa kwa sindano nene, kisha wachomeke karafuu kavu kwa mistari, kwani pasipo tundu karafuu huvunjika na vidole huuma. Wadogo, ambao sindano haiwafai, wachume alasiri asumini ambazo hazijafunguka, wazitandaze juu ya jani la mgomba katikati ya mkeka, nazo zitachanua magharibi. Udi ufukize baada ya kula. Ukitangulia, hufunika hata harufu ya biriani.