Mtandao umejaa kwenye simu, mbona intaneti haiendi usiku?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nyumba yangu iko kama mita 400 kutoka mnara wa simu, na vijiti vya mtandao vimejaa muda wote. Alfajiri intaneti inakwenda vizuri, lakini kuanzia saa 1 usiku mpaka saa 5 hata picha ya WhatsApp haitoki. Fundi ananishauri ninunue kifaa cha kukuza mawimbi. Kitasaidia? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Ndugu msomaji, usikinunue. Kwa dalili ulizozieleza, hela yako itapotea bure.

Vile vijiti vinapima kitu kimoja tu: nguvu ya mawimbi ya mnara yanayofika kwenye simu yako. Havisemi mnara una nafasi kiasi gani ya kukuhudumia. Tunaposema "mtandao umejaa" tukiangalia vijiti, mnara wenyewe unaweza kuwa umejaa kwa maana nyingine kabisa, yaani umejaa watu.

Kwa kawaida mnara una pande tatu, kila upande na antena zake zinazohudumia takribani nyuzi 120. Simu zote za upande wako zinagawana masafa yaleyale, yaani mkanda mmoja wa mawimbi ya redio. Chukua 4G yenye upana wa megahezi 20 na antena mbili: kasi yake ya juu kabisa ni kama megabiti 150 kwa sekunde, na hiyo ni ya upande mzima, tena ya kwenye karatasi. Wakipakua watu 60 kwa pamoja, hata mgawo ukiwa sawasawa, kila mmoja anapata megabiti 2.5.

Mgawo wenyewe hauko sawasawa, na hapa ndipo wengi wanaposhangaa. Simu iliyo karibu, yenye mawimbi safi, inaweza kubebeshwa biti 6 (biti ni chembe ndogo kabisa ya data) katika kila alama inayorushwa hewani. Iliyo mbali hushuka mpaka biti 2, maana zaidi ya hapo makosa yanazidi. Video ileile itamchukulia mtu wa mbali muda wa hewani mara tatu au zaidi, na muda huo unatoka kwenye fungu lenu nyote. Kwa hiyo kukaa mita 400 hakukukingi na foleni.

Foleni inaweza pia kuwa nyuma ya mnara. Kama mnara umeunganishwa na mtandao kwa dishi la mikrowevu badala ya faiba, njia hiyo ikiwa nyembamba pande zote tatu zinakwama pamoja. Mvua kubwa nayo hudhoofisha mawimbi ya dishi, hasa ya masafa ya juu.

Ili uwe na hakika, pima. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, Kuhusu simu, kisha hali ya SIM, usome namba ya dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi. iPhone piga *3001#12345#*. Namba hiyo ni hasi: -85 ni nzuri, -110 ni dhaifu. Pima saa 11 alfajiri na saa 3 usiku, ukiwa mahali palepale, kwa siku tatu, na kila mara andika kasi ya intaneti pia. Angalia bando, kwani jaribio moja la kasi kwenye 4G linaweza kula zaidi ya megabaiti 100.

dBm ikibaki ileile huku kasi ikianguka usiku, ni msongamano. Ikiwa -110 au chini zaidi saa zote, tatizo ni mawimbi kukufikia, na hapo antena ya nje husaidia kweli. Mtu wa hali hiyo huona kupakia picha kunamshinda kabla ya kupakua, kwa sababu simu hurusha takribani wati 0.2 tu wakati mnara unarusha makumi ya wati. Yeye anausikia mnara, mnara haumsikii.

Kifaa cha kukuza mawimbi huongeza sauti ya mnara pamoja na kelele zake, hakikuongezei fungu. Kikifungwa vibaya, antena ya ndani ikiwa karibu na ya nje, hujizungusha kama maikrofoni mbele ya spika na kuuvuruga mnara kwa mtaa mzima. Ndiyo maana vifaa vya mawasiliano hutakiwa viwe na idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania.

Badala yake, azima laini ya kampuni nyingine uijaribu saa 3 usiku, si mchana. Hamishia alfajiri masasisho ya programu na kuhifadhi picha mtandaoni. Kisha peleka malalamiko kwa kampuni yako yakiwa na namba: mahali, saa, dBm na kasi. "Mtandao mbovu" haimpi mhandisi pa kuanzia, lakini "-82 saa zote, megabiti 18 alfajiri, 0.4 usiku" inamwambia akague mzigo wa upande huo na njia ya nyuma ya mnara, aone kama ni masafa ya kuongezwa au ni kiungo cha kupanuliwa.