Ngome ya mlimani: anza na maji

Ndugu, nimekuelewa: ngome ya hadithi yako iko kileleni, haijawahi kutekwa, na hujui adui aingieje bila msomaji kuona umelazimisha mambo.

Kwanza jiulize wanakunywa nini. Kule Masada, ngome ya kale karibu na Bahari ya Chumvi, wenyewe walichonga matangi makubwa ndani ya mwamba, yakajazwa na maji ya mvua kupitia mifereji. Warumi walioizingira hawakungoja kiu iwamalize waliokuwemo. Walijenga tuta la mawe na udongo hadi usawa wa ukuta, wakapandisha mtambo wa kubomolea.

Alamut ya Iran ni kisa kingine: mwaka 1256 ilisalimishwa kwa Wamongolia, kiongozi wake akiwa ameshajisalimisha kwenye ngome nyingine. Mimi ningechukua njia hii. Askari wana chakula, wana mishale, kisha inakuja amri ya kufungua lango. Hapo wahusika wako watagombana kweli kweli.

Angalia tu usiweke majoka yanayoruka kisha ukasahau kuezeka nyua za ngome, adui akashukia humo. Na kama kuna watakaokwea usiku, mpe mpanda milima mzoefu aisome sura hiyo kabla hujaichapisha. Baridi na hewa nyepesi hukosewa sana.