Muulize Fundi: Fyuzi iko mzima, mbona waya imeungua?

Swali: Fundi habari yako. Niko na tuktuk ya abiria hapa Kisumu, nafanya Kondele kwenda tao. Niliwekewa amplifaya na taa za LED, fundi akavuta waya moja kutoka kwa betri hadi nyuma na akaweka fyuzi ya ampea 30 huko nyuma karibu na amplifaya. Juzi waya ikaanza kutoa moshi chini ya kiti, abiria wakaruka nje, mimi nikang'oa betri haraka. Cha kushangaza fyuzi iko mzima kabisa. Niliuziwa feki?
*Dereva, Kondele*

Jibu: Pole sana ndugu yangu, na ulifanya vizuri kukimbilia betri kwanza. Fyuzi yako haina makosa, shida ni pale ilipowekwa. Angalia vile stima inatembea: inatoka kwa betri, inapita chini ya kiti, ndio ifike kwa fyuzi, ndio iingie amplifaya. Sasa waya ilichubuka hapo chini ya kiti ikagusa chuma cha bodi, na bodi ni negativu, kwa hivyo stima ikarudi kwa betri hapo hapo bila kufika nyuma. Fyuzi haikupitishiwa kitu, ingekatika aje? Na betri ikipigwa shoti inatoa ampea mia na zaidi, waya nyembamba hapo inakuwa nyekundu kama koili ya kupikia.

Fyuzi kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Hii ndio kitu naomba madereva wote na mafundi wa miziki washike, manake wengi wanafikiria imewekwa kwa ajili ya redio. Kama ni waya unalinda basi fyuzi ikae mwanzo wa waya, upande wa pozitivu, karibu na betri vile inawezekana, sentimita 15 au 20 hivi. Kile kipande kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, ndio maana tunakitaka kiwe kifupi.

Sasa saizi. Chukua wati ugawe na volti. Amplifaya inayokula wati 150 kwa betri ya volti 12 inavuta ampea 12.5, ongeza robo hivi unafika 15, hiyo fyuzi ya bluu. Waya iwe ya 2.5, yaani milimita mraba 2.5, huo ndio unene wa shaba yake. Hiyo 30 ya kijani uliyowekewa ni kubwa sana kwa waya ndogo, hata ingekuwa kwa betri, waya ingeweza kupata moto sana kabla fyuzi haijakatika. Taa za LED zipe laini yake na fyuzi yake, kama ni wati 24 hiyo ni ampea 2 tu, fyuzi ya 3 inatosha, usizipachike kwa laini ya amplifaya. Alafu popote waya inapopita kwa tundu la bati weka raba, manake hapo ndipo bati inaikata polepole tuktuk ikitingika.

Ukienda kununua, soma namba iliyoandikwa juu ya fyuzi, usiende na rangi peke yake. Na holda ikianza kuyeyuka na fyuzi bado mzima, angalia miguu ya fyuzi, utapata imelegea ama imeshika kutu. Joto linatoka hapo kwa maungio, kuongeza saizi ya fyuzi hakutasaidia.

Swali: Mimi niko Njoro, nina sola, betri ya volti 12 na inveta ya wati 300. Nimeweka fyuzi ya ampea 10 ya kioo, kila nikiwasha TV na pasi ndogo inakatika. Jirani ananiambia nifunge foili ya sigara nisahau hiyo shida.
*Mama wawili, Njoro*

Jibu: Mama, tafadhali foili usiweke hata siku moja. Foili haina saizi, hakuna mtu anajua itakatika kwa ampea ngapi, na hiyo betri iko ndani ya nyumba mahali watoto wanalala.

Wati 300 gawa na 12 unapata ampea 25, na inveta yenyewe inakula kidogo, kwa hivyo unakaribia 30. Fyuzi ya 10 lazima ikatike, inafanya kazi yake. Weka ya 40 karibu na betri, lakini waya kwanza ibadilishwe iwe nene, ya milimita mraba 10 na iwe fupi, hapo ndio fyuzi kubwa inaruhusiwa.

Hizo za kioo pia ziangalie vizuri zikikatika. Kioo kikiwa kimejaa weusi hiyo ilikuwa shoti, tafuta waya iliyogusana. Kioo kikiwa safi na kawaya kamekatika tu katikati, hapo ulizidisha mzigo. Na upande wa paneli usitumie fyuzi iliyoandikwa AC peke yake. Stima ya Kenya Power ndio AC, inafika sifuri mara 100 kwa sekunde kwa hivyo cheche inazimika yenyewe, ya sola ni DC, haishuki, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya fyuzi iliyokatika. Tafuta iliyoandikwa DC na volti zinazozidi za paneli zako zote zikiungwa.

Swali: Plagi ya redio yangu ina fyuzi ya 13, ni sawa?
*Msomaji, Kakamega*

Jibu: Kwa redio weka ya 3. Kwa volti 240 ya 3 inabeba hadi wati 720 na redio haifiki hapo, na ile waya yake nyembamba haiwezi kustahimili ampea 13. Ya 13 iachie pasi ya nguo na birika.