Kupunguza uzito na mapigo ya moyo: niliyoyaona katika njia ya Shela

Ndugu yangu uliyeuliza kama ni lazima mapigo ya moyo yasizidi 110 kwa dakika ndipo mwili uchome mafuta, nami niliishika kanuni hiyo kwa miezi mitatu, nikitoka Lamu mjini kila baada ya sala ya alfajiri kwenda Shela, mwendo wa kilomita tatu hivi, huku saa ya mkononi ikinilia kila nilipochapuka. Sikupungua hata kilo moja.

Kosa lilikuwa katika hesabu. Ni kweli kwamba katika mazoezi mepesi sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye mafuta, lakini nishati yenyewe inayotumika ni kidogo. Tuchukue mfano: nusu saa ya polepole ikitumia kalori 120, asilimia 60 zikatoka kwenye mafuta, ni 72, ukienda kwa kasi ukatumia 220, hata mafuta yakichangia asilimia 45 tu, ni 99. Isitoshe, uzito huamuliwa na jumla ya kinachoingia na kinachotoka, na mimi nilikuwa nikirudi hujipongeza kwa mahamri matatu na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha.

Nina miaka 46. Ukitoa umri kwenye 220 unapata 174, kiwango cha juu cha mapigo kwa dakika, cha kukisia tu, kwani watu wa rika moja huweza kutofautiana kwa mapigo 10 na zaidi. Siku nne kwa wiki natembea kwa mapigo 115 hadi 130. Siku mbili, maji yakiwa yamekupwa, naupanda mchanga wa vilima vya Shela kwa haraka dakika moja, mapigo yakafika 145, kisha nashuka taratibu, mara sita. Miezi minane imeniondolea kilo saba, mahamri yakiwa yamebaki moja.

Saa si lazima: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Au jaribu kusoma kasida. Ukiweza kuighani yote bila kukata pumzi, bado hujaanza kazi.

Wakati wa kaskazi, joto na unyevu hupandisha mapigo kwa mwendo uleule, kwa kuwa moyo husukuma damu zaidi kwenye ngozi ili mwili upoe; basi punguza kasi. Na kama unatumia dawa za presha, muulize daktari kwanza, kwani baadhi yake huzuia mapigo yasipande, na hesabu hii ya umri haitakufaa.