Mkutano wa kijiji usipokaa, nani alaumiwe?

Ndugu, umeuliza wanakijiji wa Uvinza, mkoani Kigoma, Tanzania, wanahusikaje demokrasia ikidorora ilhali wenye madaraka ni viongozi. Wanahusika, japo mzigo mkubwa ni wa viongozi. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi 3. Mkazi yeyote wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Bila idhini ya mkutano huo, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi (Sheria ya Ardhi ya Vijiji, 1999). Mkikaa nyumbani, wachache wanaamua. Kibaya zaidi ni kusaini karatasi ya mahudhurio isiyo na tarehe wala ajenda: hiyo inabandikwa kwenye muhtasari wa kikao chochote, hata kisichofanyika. Kabla ya ajenda mpya, daini msomewe muhtasari uliopita, kisha mapato na matumizi.