Kokoto za Masasi: graniti au mwamba geu, na ipi inafaa kwa zege?

Swali: Shikamoo mhandisi. Najenga nyumba ya kawaida, isiyo ya ghorofa, hapa Mikindani, na sasa nimefika kwenye msingi. Dalali kaniletea kipande cha jiwe kutoka Masasi, kaapa kwamba kokoto zake ni graniti. Mdogo wangu yuko kidato cha nne. Alipokishika akacheka, akasema hiyo si graniti wala si mwamba wa moto, ni mwamba geu, una mistari, na mawe ya namna hiyo hupasuka. Nimebaki njia panda. Miamba hii miwili inatofautiana nini hasa, na nichukue ipi kwa zege na sakafu?

Jibu: Marahaba. Mdogo wako kapatia jina, ila hofu yake imezidi. Dalali kakosea jina, lakini mzigo wake huenda ni mzuri tu.

Vile vilima vya mawe vinavyochomoza ghafla pale Masasi, ambavyo kila mtu huviita vya graniti, kwa sehemu kubwa ni naisi, na naisi ni mwamba geu. Viko kwenye ukanda mrefu wa miamba geu unaoshuka kutoka Kenya, unapita mashariki mwa Tanzania na kuingia Msumbiji. Miamba hiyo ilibanwa na kupikwa chini sana ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana. Joto la huko hufika nyuzi 600 au 700 na zaidi, ila sehemu kubwa ya mwamba hubaki ngumu bila kuyeyuka.

Graniti kwa upande wake ilianza ikiwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka kabisa, ikapoa polepole mno ndani ya ardhi. Chembe zake zikapata muda wa kukua, zikafumana kila upande bila mpangilio. Naisi ilikuwa jiwe tayari. Mgandamizo ukazilazimisha chembe zijipange upya, nyeupe na nyeusi zikatengana katika mikanda. Hiyo ndiyo mistari aliyoiona mdogo wako. Jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka ni kwamba madini yaliyomo mara nyingi ni yaleyale: kwatzi, feldispa na ulanga. Naisi nyingi zilikuwa graniti kabla hazijageuzwa. Tofauti iko kwenye mpangilio wa chembe.

Mpangilio huo una athari gani? Graniti nzima huhimili mgandamizo wa megapaskali (kipimo cha mgandamizo) 100 hadi 250, na ukiibana upande wowote majibu hayatofautiani sana. Naisi nzima nayo mara nyingi hupita 100, lakini nguvu yake inategemea unaibana kwa kukata mistari au kwa kuifuata, na nyundo ikipiga sambamba na mistari jiwe huachia kirahisi zaidi. Hapo mdogo wako ana hoja. Sasa linganisha na kazi yako: zege la nyumba kama hiyo hulenga megapaskali 20 au 25. Hata naisi ya kawaida ina nguvu mara kadhaa kuliko zege lenyewe. Zege hilo likishindwa, angalia kwanza maji yaliyozidi, saruji iliyopunjwa, au zege lililoachwa likauke juani bila kumwagiliwa.

Kwa hiyo usinunue ukoo wa jiwe. Hata kusema “mwamba wa moto” hakukuhakikishii chochote, kwa sababu jiwe la volkano lile jepesi linaloelea majini nalo ni mwamba wa moto. Basalti ndiyo kokoto nzuri ya huko Kilimanjaro na Mbeya, nzito na yenye chembe ndogo mno kwa vile ilipoa haraka juu ya ardhi, ila kuisafirisha hadi Mtwara ni kuchoma hela. Wewe uko juu ya mashapo ya pwani, na mwamba mgumu wa maana uko upande wa Masasi, takriban kilomita 200 kwa barabara.

Cha kukagua kwanza ni ulanga, yale magamba yanayometameta. Kidogo hakina neno. Ukiona kokoto inang’aa kama samaki na magamba yanabanduka kwa ukucha, hiyo si naisi tena, inaelekea kuwa shisti, ndugu yake dhaifu. Irudishe. Ulanga hunyonya maji ya zege, saruji haiung’ang’anii vizuri, na kokoto zake hutoka bapa kama vigae. Kokoto bapa hulala juu ya nondo, maji na hewa hunaswa chini yake, na baadaye fundi anashangaa nguzo ina mapango. Chota konzi tatu nne kutoka sehemu mbalimbali za lori, zimwage juu ya gunia, utenge bapa pembeni. Zikiwa moja kati ya tano, endelea. Zikikaribia nusu, mwambie dereva ageuze gari.

Pili, jiwe lililooza. Huko machimboni tabaka la juu limepigwa na mvua na jua miaka mingi, feldispa yake imegeuka udongo. Kipande chake ni cha kahawia, kikigongwa kwa nyundo kinatoa mlio mfu, na kingo zake zinapukutika mkononi. Jiwe zima lina mlio mkali na kingo zinazokata. Kokoto za kuponda kwa mikono huathirika zaidi na hili, maana jiwe lililooza ndilo rahisi kupondwa, na mponda kokoto analipwa kwa ndoo. Simlaumu.

Tatu, ukikuta kokoto za kijivu zinazochafua vidole kama risasi ya penseli, hayo ni madini ya kinywe. Yamo kwenye miamba geu ya upande wa Ruangwa, na ni mali kwa watengeneza betri. Kwenye zege hayana kazi, ni laini kupita kiasi.

Mawe ya matumbawe ya hapo pwani ni mashapo, nje ya swali lako, lakini najua utashawishika kwa bei. Kuta za Kilwa Kisiwani zimesimama kwa matumbawe na chokaa karne nyingi, ila hazina nondo ndani. Kwa zege lenye nondo yaache: yananyonya maji, na yakibeba chumvi nondo italiwa na kutu.

Kwenye sakafu, ukipenda terazo, yaani sakafu ya saruji yenye chenga za mawe iliyosagwa na kung’arishwa, mwamba geu ndio hutumika sana. Chenga zake kwa kawaida ni za marumaru, ambayo ni jiwe la chokaa lililogeuzwa kwa joto na mgandamizo. Ugumu wake ni 3 kwenye kipimo cha Mohs ambapo kwatzi ni 7, kwa hiyo mashine huisaga na kuing’arisha bila taabu. Ila jikoni ina ubaya wake: asidi huila. Kamulia ndimu juu ya meza ya marumaru, iache robo saa, ufute: utakuta doa lililofifia ambalo halitoki kwa sabuni, kwa sababu asidi imekula jiwe lenyewe. Meza ya kukatia samaki na embe mbichi iwe ya graniti, au ya naisi iliyong’arishwa. Madukani nayo huuzwa kwa jina la graniti, na kwa kazi hiyo haikudhulumu.

Kwa hiyo kwa msingi na nguzo chukua naisi ya Masasi, ya krasha (iliyopondwa kwa mashine) ukiweza, robo tatu inchi, na umwambie fundi aioshe ikija na vumbi jingi. Siku ukiamua kupandisha ghorofa, peleka gunia moja la kokoto kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi kabla ya kununua. Omba wapime ubapa, unyonyaji wa maji na uvumilivu wa kusagika. Kwa mwamba wenye mistari, kipimo cha ubapa ndicho ningekisoma kwanza.