Asili ya George Herriman, mchoraji wa Krazy Kat

Umeuliza iwapo ni kweli kwamba George Herriman alikuwa na asili ya Kiafrika. Alizaliwa New Orleans mwaka 1880 katika familia ya Wakrioli, yaani watu wa Louisiana wenye damu mchanganyiko ya Kizungu na Kiafrika, na cheti chake cha kuzaliwa kinamtaja kuwa si mzungu. Lakini baada ya familia kuhamia Los Angeles akiwa bado mtoto, aliishi kama mzungu hadi alipofariki mwaka 1944, huku baadhi ya wenzake magazetini wakimdhania Mgiriki. Habari za cheti hicho zilitangazwa mwaka 1971 tu.

Paka wake wa katuni, Krazy Kat, alianza mwaka 1910 kama kichekesho kidogo chini ya katuni nyingine, akapewa safu yake mwenyewe mwaka 1913. Kisa kilikuwa kilekile miaka yote: paka anampenda panya Ignatz, panya anamtwanga kwa tofali, paka analipokea kama salamu ya mapenzi, na mbwa polisi anamtia panya rumande, nyuma yao mandhari ya jangwa la Arizona ikibadilika kutoka kisanduku hadi kisanduku. Wasomaji wengi katuni hiyo haikuwavutia. Ilidumu kwa sababu mwenye magazeti, William Randolph Hearst, aliipenda.

Kwa maoni yangu, wanaoona suala la rangi katika kila tofali wanatia chumvi, ingawa ipo katuni ambamo paka huyo mweusi anatoka saluni akiwa mweupe na panya anampenda ghafla, na hiyo ni vigumu kuiita sadfa.